Mizani kwanza, mashine baadaye: Vifaa vya anayeanza kujaza risasi nyumbani Marekani

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mtu anayemiliki bunduki kihalali kujitengenezea risasi nyumbani, mradi azitumie mwenyewe na asizifanyie biashara. Kwa sababu hiyo, katika gereji na vyumba vya chini ya nyumba kutoka Montana hadi Georgia, kuna meza nzito za mbao ambapo wawindaji na walenga shabaha huketi jioni wakijaza upya maganda ambayo kwingineko duniani huachwa vumbini.

Anayeingia katika kazi hiyo kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: anunue nini? Dukani huonyeshwa kwanza mashine kubwa ya chuma yenye wenzo mrefu, kwa kuwa ndiyo inayovutia macho na ndiyo inayomfaidi muuzaji. Hata hivyo, si mashine hiyo inayoamua iwapo mtengenezaji atabaki na macho na vidole vyake. Kinachoamua ni mizani ndogo inayoenea kwenye kiganja, pamoja na kitabu. Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa kufuata ukweli huo, wala si kwa kufuata mpangilio wa rafu za duka.

Humu nchini mambo ni tofauti kabisa. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamkataza mtu yeyote kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na kazi ya kutengeneza risasi si ya mtu binafsi asiye na leseni. Shirika la serikali la Kenya Ordnance Factories Corporation ndilo lenye kiwanda cha risasi, mjini Eldoret. Kwa hivyo habari hizi ni za desturi ya ugenini, na hazimpi mtu wa Kitale au Kilifi kibali cha kujaribu.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Kile ambacho watu wengi hukiita risasi ni mkusanyiko wa vitu vinne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba iliyochanganywa na zinki. Kuna fataki, kikombe kidogo kilichobandikwa kwenye kitako cha ganda, ambacho hulipuka kinapogongwa na pini ya bunduki. Kuna baruti iliyomo ndani ya ganda. Mwisho kuna kichwa, yaani kipande cha risasi chenyewe kinachoruka na kwenda kupiga shabaha.

Bunduki inapofyatuliwa, fataki huungua, baruti huteketea na kichwa huenda zake. Ganda hubaki. Kwa kuwa ganda ndilo lenye gharama kubwa kati ya hivyo vinne, na kwa kuwa linaweza kutumika tena mara kadhaa kabla ya kupasuka shingo, ndipo watu walipoona heri walihifadhi.

Si kila ganda linafaa. Risasi ndogo za kipenyo cha .22 ambazo kemikali yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako hazijazwi upya. Maganda ya chuma na ya alumini pia hutupwa. Halafu kuna tofauti inayowatatiza wanafunzi wengi. Maganda ya aina ya Boxer yana tundu moja katikati ya kitako, na pini nyembamba huweza kupenya na kusukuma nje fataki iliyokwisha. Yale ya aina ya Berdan yana matundu mawili madogo kando, na pini hiyo ikilazimishwa huvunjika. Ajabu ni kwamba Edward Boxer alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza na Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, lakini Wamarekani walishika mtindo wa Mwingereza na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ule wa Mmarekani. Anayeokota maganda uwanjani hana budi kuchungulia ndani kwa tochi kabla ya kuyatia mfukoni.

DESTURI ILIKOTOKA

Kujaza risasi si jambo la juzi. Wawindaji wa nyati katika nyanda za Marekani miaka ya 1870 walibeba maganda, baruti nyeusi na madini ya risasi ya kuyeyusha, wakatengeneza mahitaji yao kando ya moto wa kambi. Mwaka wa 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, ambayo iliuza koleo la mkononi lenye uwezo wa kufanya karibu kazi yote. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka wa 1925, na jina la Lyman lingali kwenye mizani na vitabu hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1884, Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi. Uvumbuzi huo ulibadilisha bunduki, na vile vile ulibadilisha hatari ya anayejaza risasi. Baruti nyeusi ya zamani hujaza ganda hadi karibu na mdomo, hivi kwamba mtu hawezi kutia kipimo maradufu bila kuiona ikimwagika mezani. Baruti ya sasa ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Katika ganda la bastola, kipimo kinachotakiwa aghalabu huwa ni kama theluthi moja ya gramu tu, na huchukua sehemu ndogo ya nafasi iliyomo. Kipimo cha pili kikiangukia juu ya cha kwanza, hakuna kitu kinachomwagika. Ganda hufungwa vizuri, risasi hung'aa kama nyingine zote, na kosa hilo hulala ndani likingoja kidole.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta uhaba, na uhaba ulileta viwanda. Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka wa 1943 kwa kutengeneza kifaa cha kugeuza maganda yaliyotumika ya .22 kuwa vichwa vya risasi. Kampuni yake ya RCBS ingali maarufu. Joyce Hornady alianza kuuza vichwa vya risasi mjini Grand Island, Nebraska, mwaka wa 1949. Richard Lee alianza mwaka wa 1958 kwa kifaa chepesi kilichotumia nyundo, nayo kampuni yake ya Lee Precision, huko Hartford, Wisconsin, ndiyo wanayoikimbilia wenye mfuko mwembamba.

KITABU NA MIZANI

Kitu cha kwanza kununuliwa ni kitabu cha vipimo. Lyman, Hornady, Sierra, Speer na Nosler zote huchapisha vitabu vinene vyenye majedwali ya kila aina ya risasi, yaliyopatikana kwa kufyatua na kupima katika maabara. Kila jedwali huonyesha kipimo cha kuanzia na kipimo cha juu kabisa. Mwanafunzi huanza na cha kuanzia. Anayeambiwa na rafiki kwenye uwanja wa shabaha kwamba "mimi hutia kiasi hiki na sijawahi kupata tatizo" anapaswa kushukuru na kurudi kwenye kitabu chake, kwa kuwa bunduki ya rafiki si yake, na huenda hata baruti si ile ile.

Majina ya baruti yenyewe ni mtego. Iko baruti iitwayo H4350 na iko nyingine iitwayo IMR 4350. Namba ni moja, lakini hizo ni baruti mbili tofauti zenye vipimo tofauti, na kitabu huzitenganisha. Ndiyo maana wazoefu huweka mkebe mmoja tu wa baruti juu ya meza kwa wakati mmoja. Mingine yote hubaki kabatini. Baruti iliyosahauliwa usiku kucha ndani ya kipimio, isiyojulikana ilitoka mkebe gani, hairudishwi kokote. Hutupwa.

Baada ya kitabu huja mizani. Wamarekani hupima baruti kwa greni, kipimo cha kale kilichotokana na uzito wa punje ya nafaka: greni 7,000 hufanya pauni moja, na gramu moja ina greni 15 na ushei. Mizani inayofaa husoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani takriban miligramu sita na nusu. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini mizani ya jikoni haifai hata kidogo.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya mkono, yenye ufito unaoning'inia na vipande vya chuma vinavyosogezwa kwenye alama, kwa kanuni ile ile ya mizani ya wafanyabiashara wa zamani. Haina betri, haiharibiki upesi, na ikisawazishwa vyema mezani husema kweli kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba huchelewa kutulia na humtaka mtu ainamishe macho hadi usawa wa alama. Ya pili ni ya kielektroniki. Ni ya haraka na husomeka kwa urahisi, lakini ile ya bei nafuu huyumba chumba kikipata joto au baridi, feni ikiwashwa, au simu ikiwekwa karibu nayo. Huhitaji kuachwa ipate moto kwanza kabla ya kuanza kazi.

Kwa anayeanza, ya mkono ni chaguo bora zaidi, ingawa wauzaji wengi wa sasa husukuma ile ya kielektroniki. Sababu ni kwamba mizani ya mkono ikikosea, kwa kawaida kosa huonekana: ufito hugusa mahali, au hautulii. Ya kielektroniki ikikosea huonyesha namba safi yenye kung'aa, na mwanafunzi huiamini. Vyovyote atakavyochagua, anunue pia mawe madogo ya mizani yenye uzani unaojulikana, ayapime mwanzoni mwa kila kikao na tena katikati. Bei ya mawe hayo ni ndogo kuliko ya mkebe mmoja wa baruti.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kutazama viwango vya taasisi ya watengenezaji iitwayo SAAMI, iliyoundwa mwaka wa 1926. Taasisi hiyo imeweka shinikizo la juu la gesi kwa risasi ya bastola ya milimita 9 kuwa pauni 35,000 kwa kila inchi mraba. Kwa risasi ya bunduki ya .308 Winchester kiwango ni pauni 62,000. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni thelathini na kitu. Nguvu hiyo yote hufungiwa ndani ya chuma kilicho sentimita chache kutoka kwenye uso wa mfyatuaji.

Kipimo pungufu nacho kina hatari yake. Ganda lisilo na baruti kabisa huweza, kwa nguvu ya fataki peke yake, kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Husikika mlio hafifu tu. Mfyatuaji asiyejua, akidhani risasi imekataa, huvuta kifyatulio tena, na risasi ya pili huikuta ya kwanza njiani. Mtutu hufura au hupasuka.

Kinga ya makosa hayo mawili ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote: ubao wenye mashimo hamsini. Maganda husimamishwa humo, hutiwa baruti, kisha kabla ya kichwa chochote kushindiliwa, mtengenezaji huchukua tochi na kumulika ganda moja baada ya jingine akilinganisha vimo vya baruti. Lililopungua au kuzidi hujitokeza mara moja. Ubao huo unaweza kuchongwa na fundi yeyote wa mbao.

MASHINE YENYEWE

Mashine ya kushindilia ni fremu ya chuma iliyofungwa mezani kwa bolti. Wenzo unapovutwa, mchi hupanda ukiwa umebeba ganda na kuliingiza katika kalibu iliyoskrubiwa juu ya fremu. Kalibu ndiyo inayofanya kazi; mashine huleta nguvu tu.

Mashine za aina ya kwanza hushika kalibu moja kwa wakati. Mtengenezaji hupitisha maganda yote hamsini katika hatua moja, hubadilisha kalibu, kisha huyapitisha tena katika hatua inayofuata. Kwa saa moja, akihesabu hatua zote, hupata risasi kama 50 hadi 100. Aina ya pili ina kichwa kinachozunguka chenye kalibu kadhaa, hivyo kubadilisha ni kuzungusha tu. Aina ya tatu, ambayo kampuni ya Dillon ya Arizona ilijipatia sifa kwayo, hufanya hatua zote kwa pamoja: kila wenzo unaposhuka, risasi moja iliyokamilika hudondoka kwenye kisanduku. Anayeizoea hupata risasi mia nne na zaidi kwa saa.

Anayelenga shabaha kila wikendi na kumaliza risasi elfu moja kwa mwezi ana sababu ya kuitamani hiyo ya tatu. Hata hivyo haifai kuwa ya kwanza. Katika mashine hiyo, mambo manne au matano hutokea kwa wakati mmoja na jicho la mwanafunzi halijui litazame wapi. Fataki ikikwama, hushughulika nayo, na anaporudi hakumbuki kama ganda lililo mbele yake limeshatiwa baruti. Mashine ya kalibu moja humlazimisha kuwa mpole. Zaidi ya hayo haipotezi thamani: wengi walionunua mashine kubwa baadaye waliibakiza ile ndogo kwa kazi ya majaribio na ya kung'oa vichwa.

Cha kuangalia ni uimara wa fremu. Fremu iliyozunguka pande zote kama herufi O haipindi kirahisi inaposhinikiza maganda marefu ya bunduki, ilhali iliyo wazi upande mmoja kama herufi C inatosha kwa bastola. Chuma cha kusubu ni bora kuliko alumini kwa kazi nzito. Jina la kampuni si muhimu kama watu wanavyobishana. Mashine karibu zote hutumia skrubu ya kipimo kimoja, inchi 7/8 yenye meno 14 kwa kila inchi, kwa hivyo kalibu za Lee huingia kwenye mashine ya RCBS na za Hornady kwenye ya Lyman. Mwanafunzi hafungwi na chaguo lake la kwanza.

Waliomo katika bunduki za marisau wana mashine zao tofauti, kama zile za kampuni ya MEC ya Mayville, Wisconsin, na hizo hazitumiki kwa risasi za kawaida.

KALIBU NA VIPIMO

Kalibu huuzwa kwa seti, na kila aina ya risasi ina seti yake. Za bunduki huwa mbili: moja hulirudisha ganda katika umbo lake na kung'oa fataki kuukuu, nyingine hukiketisha kichwa kipya. Za bastola huwa tatu, kwani huongezwa moja ya kupanua kidogo mdomo wa ganda. Kwa bastola inafaa kulipa zaidi kidogo na kupata kalibu yenye pete ya kabidi, kwa sababu ganda lililonyooka huingia humo bila kupakwa mafuta. Ganda la bunduki lenye shingo lazima lipakwe mafuta maalumu. Asiyepaka, ganda humkwama ndani ya kalibu hivi kwamba kitako hung'oka, na jioni hiyo huishia kwenye keekee na matusi.

Kishikio cha ganda, kipande kidogo kinachokaa juu ya mchi, hutegemea ukubwa wa kitako wala si jina la risasi. Kimoja hutumika kwa .308, .30-06, .243 na hata .45 ya bastola. Ni vyema kulinganisha majedwali kabla ya kununua kile ambacho tayari kimo sandukuni.

Kifaa kingine ambacho hakikwepeki ni kalipa, rula yenye mataya ya kupimia urefu hadi sehemu ya mia ya milimita. Kila ganda la bunduki linapofyatuliwa na kushinikizwa hurefuka kidogo. La .308 halipaswi kuzidi milimita 51.18. Likizidi, mdomo wake hubanwa mwishoni mwa chemba, kichwa hushikwa na kukataa kutoka, na shinikizo hupanda. Likishapimwa na kuonekana refu, hukatwa kwa kikatio cha mkono na kulainishwa ncha. Kalipa hupima vile vile urefu wa risasi nzima, jambo muhimu hasa kwa bastola: kichwa kikizama ndani kuliko ilivyoandikwa kitabuni, nafasi ya gesi hupungua na shinikizo hupaa hata kama baruti ilipimwa sawasawa.

VINAVYOWEZA KUSUBIRI

Mashine ya kusafishia maganda inapendeza lakini si ya lazima mwanzoni. Ni pipa dogo linalotikisika likiwa na maganda ya njugu yaliyosagwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Msomaji wa hapa aliyezoea kuyaona magunzi yakiwashia moto huenda akashangaa kwamba yanauzwa kwenye mifuko kwa dola. Maji ya moto, sabuni na subira vitafanya kazi hiyo mwaka wa kwanza. Anayelinunua pipa hilo aliweke nje ya nyumba, kwa kuwa vumbi lake lina madini ya risasi yatokanayo na masalio ya fataki. Vumbi hilo huingia katika damu, na watoto ndio huathirika zaidi. Kula au kuvuta sigara kwenye meza ya kazi ni mwiko kwa sababu hiyo hiyo na kwa sababu ya baruti.

Kipimio cha kumwaga baruti kwa kuzungusha mkono nacho chaweza kungoja, ingawa huokoa muda mwingi. Miwani ya kukinga macho haingoji. Fataki ni vilipuzi vidogo, na zinaposhindiliwa kitakoni mwa ganda, moja katika maelfu huweza kulipuka.

Seti za vifaa zinazouzwa katika sanduku moja huwavutia wengi, na si mbaya. Huwa na mashine, mizani, kipimio, ubao na mara nyingi kitabu. Lakini kwa kawaida hazina kalibu, kishikio wala kalipa, na mnunuzi hugundua hivyo akiwa amekwisha kufika nyumbani. Mizani iliyo katika seti za bei ya chini aghalabu ndiyo kifaa dhaifu kuliko vyote humo, jambo ambalo ni kinyume cha inavyotakiwa. Anayeweza na anunue kimoja kimoja.

JE, KUNA FAIDA?

Anayeanza huambiwa kwamba ataokoa pesa. Kwa risasi ya milimita 9, ambayo viwanda huimwaga sokoni kwa mamilioni, akiba ni ndogo na huchukua muda mrefu kurudisha gharama ya vifaa. Kwa risasi kubwa au adimu akiba huwa ya kweli. Wenye bunduki za zamani za Kiingereza za kuwindia ndovu na nyati wanalijua jambo hili. Kampuni ya Kynoch ilipokuwa imeacha kutengeneza risasi hizo kufikia mapema miaka ya 1970, wamiliki wengi, wakiwamo wawindaji wa Afrika Mashariki kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, walibaki na silaha za thamani zisizo na chakula, na kujaza upya kukawa ndiyo njia ya pekee ya kuzitumia.

Uhaba wa mwaka wa 2013 na ule uliofuata janga la korona kuanzia mwaka wa 2020 uliwafundisha Wamarekani somo tofauti. Wengi walikimbilia kununua mashine, kisha wakakosa fataki, ambazo hakuna awezaye kuzitengeneza kwa usalama nyumbani. Mashine zilibaki zimefungwa mezani bila kazi. Ni heri kujua kama fataki na baruti zinapatikana kabla ya kununua chochote kingine.

Uhifadhi nao una kanuni. Viwango vya shirika la NFPA la kukinga moto vinataja pauni 20 za baruti isiyo na moshi na fataki 10,000 kuwa kikomo cha kawaida katika makazi, kila kitu kikiwa ndani ya chombo chake cha awali. Mkebe wa plastiki wa baruti umeundwa kupasuka taratibu ukishika moto. Kuuhamishia kwenye chuma kilichofungwa kabisa ni kutengeneza bomu. Anayetaka kuuza risasi zake ni lazima apate leseni ya shirikisho ya mtengenezaji, na majimbo na miji huongeza masharti yao.

Wakenya walio huko wana la kuzingatia zaidi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa aingie katika misamaha iliyotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hakatazwi na kifungu hicho. Mwanafunzi anayealikwa na jirani mwema aje ajaribu mashine yake afahamu kwamba hata risasi moja mfukoni inaweza kumgharimu viza.

Kimebaki kifaa kimoja ambacho husahaulika katika orodha nyingi: nyundo ya plastiki yenye uvungu. Risasi iliyotiliwa shaka hufungwa ndani yake, nyundo hugongwa juu ya ubao mgumu, na kichwa na baruti hutoka bila fataki kuguswa. Bei yake ni ndogo. Mtu aliyeitwa mezani kupokea simu, akarudi na kushindwa kukumbuka alikuwa amefikia ganda la ngapi, huwa hana njia ya kutambua ni lipi kati ya hamsini lililo na kosa. Huketi akaanza kugonga, moja baada ya nyingine, hadi zote hamsini zifunguke, kisha akazijaza upya kesho yake.